Naomba ushauri: kumwamini Mungu asiyeshindwa, ni lazima tuache mashine?

MkeMwombaji: Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Figo zote mbili za mume wangu zimefeli. Anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na daktari ametuambia wazi kwamba hazitarudi kufanya kazi. Tumefunga, tumeomba, na bado naamini Aliyeziumba hashindwi kuziponya. Sasa wifi yangu anasema kila tukienda kwenye mashine tunamkosea Mungu imani, tuache ili muujiza upate nafasi. Mume wangu ameanza kuyumba, leo amegoma kwenda. Nikimkumbuka Abrahamu na miaka yake 100, Sara na 90 yake, walivyopewa mtoto uzeeni, najiuliza kama imani yetu ndiyo pungufu. Nifanye nini?

MuuguziWaFigo: Pole sana dada. Nimeokoka, na kazi yangu ni hiyohiyo ya mashine. Mpeleke leo. Figo zikilala, maji hujaa hadi kwenye mapafu, na potasiamu ikipanda moyo unaweza kusimama ghafla. Akibanwa pumzi, usingoje zamu yake, kimbilia dharura. Mengine tutaongea akishasafishwa.

Neema_Tele: Luka 1:37, mama: hakuna neno lisilowezekana kwa Mungu. Tunawaombea.

MzeeWaZamu: Binti yangu, soma 2 Wafalme 20. Mfalme Hezekia aliugua, akaambiwa na nabii Isaya kwamba atakufa. Akalia mbele za Bwana, na jibu likaja kabla Isaya hajatoka katika ua wa katikati: ataponywa, ataongezewa miaka 15. Ahadi imeshatoka kinywani mwa Mungu mwenyewe. Kinachofuata ni nini? Isaya anaagiza waletewe mkate wa tini, wakauweka juu ya jipu, akapona. Hakuna aliyesema tini zimepunguza utukufu wa Mungu. Hapo ndipo wifi yako anapokosea: anadhani uweza wa Mungu unasubiri sisi tuondoe mikono. Uweza unaosubiri hivyo una mpaka, na wa Mungu wetu hauna. Anaweza kumponya mumeo akiwa amelala pale pale kwenye mashine, na vipimo vya damu ndivyo vitakavyoonyesha.

Shujaa_wa_Imani: Mzee, mbona Naamani mwenye ukoma hakupewa dawa? Alijichovya Yordani mara saba tu.

MzeeWaZamu: Naamani alitii agizo la nabii. Mume wa huyu binti ameagizwa na nani? Abrahamu naye alishika neno aliloambiwa, hakujitungia.

MkeMwombaji: Amekubali, tumetoka hospitali sasa hivi. Asanteni. Lakini Mzee, asipopona je? Naogopa hata kuliuliza.

MzeeWaZamu: Uliza, hutakuwa umekufuru. Bwana wetu kule Gethsemane alisema yote yawezekana kwa Baba, akaomba kikombe kiondolewe, kisha akayaacha mapenzi kwa Baba. Kikombe hakikuondolewa, wala imani yake haikuwa pungufu. Omba uponyaji waziwazi, kwa jina la ugonjwa. Usiku ukikuzidi, omba kama yule baba wa Marko 9 aliyemleta mwanawe mgonjwa: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Yesu hakumfukuza.

MuuguziWaFigo: Naongeza. Muulize daktari kuhusu kupandikizwa figo, na kama kuna ndugu wa kupimwa. Wifi usigombane naye, anampenda kaka yake. Safari ijayo akienda kusafishwa, mwite aje amwombee huko huko, wahudumu wakiruhusu.

MkeMwombaji: Nampigia sasa hivi.