Programu ya kilo za korosho haifiki seva ikiwa kwenye simu

Masasi: Wakuu, kwenye kompyuta inafanya kazi vizuri, ila nikiiweka kwenye simu ya Android inagoma. Anwani ni http://localhost:3000. Shida nini?

Newala: Mkuu, localhost ndani ya simu ni simu yenyewe, siyo kompyuta yako. Chomeka waya wa USB, washa USB debugging (ruhusa ya kompyuta kuiamuru simu, ipo kwenye mipangilio ya simu), kisha kwenye kompyuta andika `adb reverse tcp:3000 tcp:3000`; adb ni zana ya Android ya kuamuru simu, na amri hii inaelekeza localhost:3000 ya simu kwenye kompyuta yako. Ukichomoa waya, rudia amri hiyo. Kwenye emuleta (simu ya kuigiza ndani ya kompyuta) tumia 10.0.2.2 badala ya localhost.

Lindi: Ikigoma bado, ni hiyo http. Tangu Android 9, mawasiliano yasiyosimbwa, yaani ya http, kwa kawaida huzuiwa. Weka `android:usesCleartextTraffic="true"` kwenye manifesti (faili la maelezo ya programu, AndroidManifest.xml) ya toleo la majaribio tu. Toleo la wakulima litumie https, yaani http iliyosimbwa, tafadhali. Malipo yao yanapita humo.

Masasi: adb reverse pamoja na manifesti, imekubali. Asanteni sana.