RC yangu (cheti cha usajili wa mgeni) bado inashughulikiwa: tutapata PAP (kibali cha maeneo ya mpakani) ya Tso Moriri?

Kutoka: Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Maharashtra

Habarini wadau, wakubwa shikamooni.

Naomba msaada wa haraka. Tuko sita: Watanzania wanne, Mkenya mmoja na Mrundi mmoja. Tumechangishana tangu Januari ili Agosti twende Ladakh, milimani kaskazini kabisa mwa India, tutembee kwa miguu kutoka Rumtse hadi Korzok kando ya ziwa Tso Moriri. Tunataka kuwaona Wachangpa, wale wafugaji wa mbuzi wa pashmina wanaohamahama na mahema yao ya manyoya ya yaki.

Pasipoti yangu iko sawa, viza ni hai. Tatizo ni RC. Nilihama hosteli nikapanga chumba, nikaomba anwani ibadilishwe. Jana niliitwa dirishani, ofisi sitaitaja. Nimekaa toka saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana na bonafaidi (barua ya chuo kuwa mimi ni mwanafunzi wao), Fomu C ya mwenye nyumba (taarifa kuwa mgeni anaishi kwake), mkataba wenye mhuri na picha. Afisa akageuza karatasi moja moja hadi ya mwisho, akasema bado inashughulikiwa, rudi baada ya siku 10. Nikamwuliza kama stakabadhi ya maombi inaweza kutumika kwa PAP. Akaita namba inayofuata.

Wakala wa safari wa Leh, mji mkuu wa Ladakh, naye hataki kupeleka jina langu mpaka RC ionyeshe anwani ya sasa. Wenzangu wamenipa hadi Ijumaa, maana tiketi zinapanda kila siku.

Kuna aliyewahi kupata PAP kwa stakabadhi tu?

Kutoka: Mkenya wa Bengaluru

Pole sana kaka. Lakini mbona unahangaika? Hiyo permiti iliondolewa 2021. Rafiki yangu wa darasani alienda ziwa Pangong na kitambulisho chake tu, hakuulizwa kitu. Nendeni tu, na mkipitia Hemis Shukpachan mtapata lile tamasha kubwa la vinyago.

Kutoka: Mchagga wa Delhi

Mdogo wangu wa Bengaluru, tafadhali. Kilichoondolewa Agosti 2021 ni ILP, kibali kingine, na ILP ilikuwa ya raia wa India. Rafiki yako ni Mhindi. Mwenye pasipoti ya nje bado anahitaji PAP kwa bonde la Nubra, Pangong na Tso Moriri, anaipata kupitia wakala aliyesajiliwa, na msiwe chini ya wawili. Kule ni mpakani na China. Mwaka 2020, bonde la Galwan, askari wa nchi hizo mbili waliuana kwa rungu na mawe, kwa hiyo watu wa vizuizini hawatamwonea mtu huruma kwa kuwa ni mwanafunzi. Halafu Hemis Shukpachan si Hemis. Tamasha liko kwenye monasteri ya Hemis, upande mwingine kabisa wa Leh, siku ya 10 ya mwezi wa tano wa kalenda ya Kitibeti. Hiyo huangukia Juni au Julai. Agosti litakuwa limepita.

Sasa wewe mwenye swali. Kabla sijaja huku nilipandisha wageni Kilimanjaro kwa njia ya Marangu miaka sita, na ratiba yako inanitia hofu kuliko hiyo RC. Marangu unaanzia getini, mita 1,870 hivi. Unalala Mandara, mita 2,720. Kesho yake Horombo, 3,720, na anayesikia ushauri analala Horombo mara mbili. Leh iko mita 3,500. Ndege kutoka Delhi haifiki hata saa moja na nusu. Umekunywa chai tambarare, mchana uko karibu na Horombo bila kupiga hatua, halafu mnataka keshokutwa mko Rumtse, juu ya mita 4,000, na vipito vya mbele vinavuka 5,000? Kaeni Leh siku tatu kamili, mbili za kwanza msifanye lolote. Mkishaanza kupanda, mahali pa kulala pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500.

Mimi nilikwenda Sham, upande wa magharibi wa Leh, kutoka Likir kupitia Yangthang na Hemis Shukpachan hadi Temisgam. Siku tatu, na hakuna PAP. Mvua ya kule ni kama milimita 100 kwa mwaka. Milima ni mitupu, rangi ya vumbi na kutu, halafu ghafla unaona kijiji, kijani tupu, kama khanga iliyopeperuka kutoka kwenye kamba ikatua juu ya mawe. Kila jani lipo kwa sababu mtu amelifikishia maji ya theluji.

Asubuhi ya pili mzee wa nyumba tuliyolala alichukua sepetu akatoka, nikamfuata. Alifika kwenye mfereji, akainua jiwe bapa na furushi la matambara lililoziba mdomo, akasukuma udongo kwa kisigino. Maji yakaingia kwenye shayiri ya jirani yake. Akasimama akiyatazama mpaka yalipofika kona ya mwisho, ndipo akaziba. Yeye ni churpon, mtu anayechaguliwa na kijiji kugawa maji. Ndugu zangu, mimi nimezaliwa Old Moshi. Siku ya zamu yetu ya mfongo, mfereji wetu Wachagga wa kumwagilia, babu aliamka saa kumi usiku, na mimi ndiye nilikuwa namshikia koroboi. Ni jiwe lile lile na matambara yale yale. Nilitamani kumpigia mama palepale, laini haikushika.

Na hilo mlijue: laini ya kulipia kabla mliyosajili huku chini haifanyi kazi Ladakh. Tafuteni laini ya malipo ya baada.

Kutoka: Bi Mkubwa, Muscat

Assalaam alaykum wanangu. Huyo wa Delhi amesema kweli, ila kwa nini nyote mnakwenda kwa ndege? Mimi na kijana wangu tulikwenda kwa gari kutoka Srinagar. Tukavuka kipito cha Zoji La, tukalala Kargil, ambako ni chini ya Leh kwa mita 800 hivi, na mwili ukapata kuzowea. Siku ya pili tukapita Fotu La, mita 4,108, tukateremka Lamayuru. Sikuumwa hata kichwa, na mimi ni mtu wa miaka 61.

Kargil wengi wao ni Waislamu wa Kishia. Mwenye nyumba alitumiminia mishmishi kwenye mapaja, ya kwao, imeiva inachuruzika. Leh nako kuna msikiti wa karne ya 17 sokoni kabisa, chini ya kasri. Nilisali mle nikalia. Miaka mingi sijasali katika msikiti ulio katikati ya soko, watu wanatoka dukani wanaingia, kama kwetu Mjini.

Na mimi yalinikuta ya karatasi. Pasipoti yangu ni ya Oman, lakini mahali pa kuzaliwa pameandikwa Zanzibar. Kijana wa hoteli moja akanijazia Fomu C kuwa ni Mtanzania. Kwenye kibali cha Nubra nikawa Muomani. Tulirudishwa kizuizini, siku nzima imepotea. Wale ngamia wa nundu mbili wa Hunder, huko Nubra, mabaki ya misafara ya wafanyabiashara wa zamani ya Yarkand, niliwaona kesho yake jua likizama.

Kutoka: Wa Leicester

Bi Mkubwa, hiyo siku moja ni ndogo. Sisi wengine tumepoteza nchi. Sheria ya uraia ya Tanzania ya 1995 hairuhusu mtu mzima kubaki na pasipoti mbili, nami niliirudisha ya Tanzania kwa mkono wangu mwenyewe. Mama alipofariki niliingia kumzika kwa viza, nikipanga foleni ya wageni.

Kutoka: Mkenya wa Bengaluru

Pole sana mzee wangu. Sisi Katiba ya 2010 ilitupa uraia pacha, na sioni nchi imeharibika. Ombeni na nyinyi.

Kutoka: Wa Leicester

Tumeomba miaka yote, kijana. Usituambie tuombe.

Kutoka: Muuguzi, Toronto

Naomba turudi kwa hawa vijana, kwa sababu kuna jambo hakuna aliyeligusa.

Je, mmepima seli mundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi? Kwetu Afrika Mashariki wabebaji ni wengi na wengi wao hawajijui, maana mbebaji anaishi bila dalili. Akipanda juu, hewa ikapungua, wengu wake unaweza kukosa damu na sehemu yake ikafa. Dalili ni maumivu makali ya ubavu wa kushoto, chini ya mbavu. Mtu anadhani ni kichomi cha kutembea, anaendelea kupanda. Na mwenye ugonjwa wenyewe asiende kabisa. Ni kipimo cha damu cha kawaida, kifanyeni wiki hii, msingoje Leh.

Kuhusu Diamox, dawa ya ugonjwa wa mwinuko, naona watu wanaambiana kwa simu kumeza tu. Muulizeni daktari kwanza, hasa mwenye mzio wa dawa za salfa. Inasaidia mwili kuzoea, lakini haimpi mtu ruhusa ya kukimbia ratiba. Mwenzenu akianza kuyumba kama mlevi, akachanganyikiwa, au akahema hali amekaa, mteremsheni saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Msimwachie ajiamulie, kwa sababu akili yenyewe ndiyo imeshikwa.

Kutoka: Mchagga wa Delhi

Dada Muuguzi, asante. Miaka sita mlimani, na hilo la wengu ndiyo kwanza nalisikia kwako.

Kijana, kama RC haitoki, geuzeni njia. Bonde la Markha halina PAP. Mnatembea kutoka kijiji hadi kijiji, mnalala kwa wenyeji, na kijiji kingine wageni hupokelewa kwa zamu ili kila nyumba ipate chochote. Mpango huo ulisukumwa na watu wa hifadhi ili mchungaji aliyeliwa kondoo na chui wa theluji apate sababu ya kumwacha hai. Mkikuta ukuta wa mawe yaliyochongwa sala, upiteni ukiwa mkono wenu wa kulia. Mkisema "julley", mmesalimu, mmeshukuru na mmeaga. Ila hata Markha, kipito cha mwisho, Kongmaru La, ni mita 5,200 hivi. Siku tatu za Leh ziko pale pale.

Kutoka: Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Maharashtra

Wakubwa, nawashukuru nyote. Leo ndiyo Ijumaa. RC haijatoka.

Tumekaa jana usiku, tumeamua Markha. Tutapita Srinagar kwa gari kama alivyosema Bi Mkubwa, tulale Kargil, tukae Leh siku tatu. Dada Muuguzi, tulipousoma ujumbe wako kwa sauti mmoja wetu alinyamaza, kisha akasema mdogo wake alifariki kwa seli mundu akiwa na miaka minne. Hakuwahi kutuambia. Kesho asubuhi tunakwenda maabara sote sita.

Wachangpa nitawaona mwaka mwingine, Mungu akipenda. Lakini kuhusu stakabadhi bado nauliza, kwa sababu Mrundi wetu naye amehama nyumba mwezi huu na ameshaambiwa arudi baada ya siku 10.

Kutoka: Mgeni kwenye orodha, Hyderabad

Hata mimi nasubiri jibu la stakabadhi. Ninayo tangu Machi.