Yule mchambuzi mnayemjua leo ametutukana wote tunaopenda gofu ya ridhaa

Wakuu,

Nimezima televisheni sasa hivi na mikono bado inatetemeka, kwa hiyo msinitafutie makosa ya uandishi. Jina simtaji, hakuna haja. Ni yule mwenye sauti ya tangazo la msiba, ambaye mchezaji wa kulipwa akikohoa yeye anakichambua kikohozi dakika kumi na kutuonyesha kwa marudio.

Fainali ya ridhaa, yaani ya wasiolipwa. Mashimo 36, vijana wawili, tangu asubuhi hakuna aliyemwacha mwenzake. Wamefika shimo la mwisho wako sawa. Mmoja ameshamaliza. Mwenzake ana mpira hatua tatu kutoka shimoni, akiuingiza ndiye bingwa. Anainama kusoma mteremko, anarudi nyuma, anainama tena. Kedi wake, yule mbeba fimbo, amejifunika uso kwa taulo, hawezi kutazama. Kijana anapiga. Mpira unakwenda. Unakwenda JAMANI, unaanza kupinda kuelekea shimoni...

Kamera ikahama.

Ikaenda wapi? Kwenye maegesho ya magari! Kutuonyesha mchezaji wa kulipwa anashuka kwenye gari. Hajashika fimbo. Hajavaa hata viatu vya gofu. Mashindano yake yenyewe yanaanza keshokutwa! Na bwana yule, bila haya, akasema: "Haya, sasa turudi kwenye gofu yenyewe."

GOFU YENYEWE. Mpira uko njiani kwenda shimoni, yeye gofu yenyewe ameiona kwenye mlango wa gari!

Hivi anajua kwamba mwaka 1930 Bobby Jones alibeba ubingwa wa wazi wa Marekani na wa Uingereza, pamoja na ule wa ridhaa wa nchi zote mbili, ndani ya msimu mmoja, akiwa wa ridhaa? Akastaafu ana miaka 28, kisha akaanzisha kiwanja cha Augusta, kule kule ambako huyu bwana kila mwaka analia machozi akiona koti la kijani la bingwa wa pale. Koti analolililia limetoka mikononi mwa mtu wa ridhaa! Mwambieni.

Mimi ridhaa naitazama kwa sababu mle ndani mtu anacheza na mtu. Shimo kwa shimo. Ukilipoteza shimo kwa mkwaju mmoja au kwa mikwaju sita, ni shimo moja tu limekwenda, ndiyo maana vijana hawaogopi kurusha mpira juu ya maji. Wa kulipwa anahesabu mikwaju ya siku nne, akiona maji anapiga hesabu kama karani, anauweka mpira pembeni, anaondoka na mshiko wake. Na nyuso! Mtu wa ridhaa akikosa, unaona roho inavyotoka. Leo roho ya mtu ilikuwa pale kwenye grini, zile nyasi fupi zenye shimo, sisi tukaonyeshwa mguu unashuka garini. Mguu wa kwanza. Halafu wa pili. Wakasubiri hadi wa pili!

Kamera ikahama, wakuu. Mpira ukiwa njiani.

Kibendera: Siti ya mbele, nimekuja na maji ya kunywa.

Fimbo Saba: Mleta uzi naunga mkono asilimia mia. Mimi niliruka kutoka kwenye kiti nikadhani umeme umekatika. Yule bwana ana chuki binafsi na ridhaa. Mnakumbuka aliposema wale vijana "wanafanya mazoezi mbele ya watu"?

Mkwaju wa Tatu: Mchambuzi hashiki kamera, mkuu. Kamera ina mwongozaji wake. Umemrukia mtu asiyehusika.

Mleta uzi: Na maneno je? "Gofu yenyewe" aliyasema mwongozaji? Mdomo ni wa nani?

Bogi Mbili: Kunywa maji, ulale. Gofu ya ridhaa ni nzuri kwa wazazi wa wachezaji. Mara ya mwisho mtu wa ridhaa kushinda moja ya mashindano manne makubwa ni Johnny Goodman, US Open (huo ubingwa wa wazi wa Marekani) ya 1933. Zaidi ya miaka 90! Hiyo ndiyo tofauti, kamera imefuata ubora. Hata huyo wa kwenye gari anafunga mlango kwa ufundi.

Fimbo Saba: Januari 2024 ulikuwa umelala? Nick Dunlap, miaka 20, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Alabama, kaingia kwenye mashindano ya kulipwa ya PGA Tour na kuwafunga wote. Wa ridhaa wa kwanza kushinda pale tangu Phil Mickelson mwaka 1991. Hundi ya dola 1,512,000 hakuruhusiwa kuigusa, ikaenda kwa aliyeshika nafasi ya pili, Christiaan Bezuidenhout. Huo ubora unaoufuata wewe ulipigwa na mtu aliyeondoka na kikombe mkononi bila senti ya zawadi.

Bogi Mbili: Na huyo Dunlap wako hata wiki haikuisha, akatangaza kwamba naye anakuwa wa kulipwa. Amekimbia uswahiba wenu!

Mchanga wa Bunka: 😂😂 hapo mleta uzi kanyamaza.

Mleta uzi: Sijanyamaza, nilikuwa namwandikia mwongozaji wa kituo. Na mwambieni Bogi Mbili habari za US Open ya 1913, Francis Ouimet wa ridhaa, miaka 20, anaishi ng'ambo ya barabara tu kutoka kiwanjani Brookline, kedi wake mtoto wa miaka 10, akawafunga Harry Vardon na Ted Ray kwenye mashimo 18 ya marudiano. Wakubwa wa kulipwa wa dunia nzima! Siku ile kamera ingekuwa ya huyu bwana, tungeonyeshwa Vardon anashuka kwenye meli.

Kibendera: Swali la mtu asiyeelewa. Kwa hiyo ule mpira uliingia au haukuingia?

Mkwaju wa Tatu: Haukuingia. Ulizunguka mdomo wa shimo ukatoka. Wakaenda shimo la 37, yule mwingine akashinda pale.

Mleta uzi: ULIZUNGUKA MDOMO WA SHIMO? Ulizunguka, sisi tunatazama gari? Yaani wakati mpira unazunguka ndiyo mguu wa pili unashuka! Wakuu, nikapumue nje.

Nyasi Ndefu: Pole yake, ila kila mtu ana kilio chake. Mimi kinachoniua kwa wa kulipwa ni ule uvivu wa kupiga. Kanuni zinapendekeza usizidishe sekunde 40. Arobaini! Wao wanafungua kitabu, wanafunga, wanarusha majani hewani, wanamuuliza kedi upepo unatoka wapi, kedi naye anarusha majani yake. Kwa mpira wa hatua moja!

Mchanga wa Bunka: Ridhaa nao ni hivyo hivyo, wamejifunza kwa hao hao. Juzi nimemwona kijana amezunguka shimo mara nne kabla ya kupiga. Msitudanganye hapa kwamba ridhaa ni watakatifu. Tena tangu kanuni za 2022 wanaruhusiwa kulipwa na wadhamini kwa kutumia jina na sura zao. Kilichobaki kuwa ridhaa ni kiwango cha zawadi, mwisho dola 1,000, na kutolipwa kwa kufundisha gofu.

Fimbo Saba: Afadhali hiyo dola 1,000 kuliko LIV, ile ligi ya kulipwa. Walipoanza 2022, wachezaji 48, siku tatu, hakuna kuchujwa, wa mwisho kabisa anaondoka na dola 120,000. Mtu kashika mkia, katajirika. Utamwonea huruma gani akikosa?

Bogi Mbili: Nani kakwambia natazama nimwonee mtu huruma? Natazama mpira unapigwa unavyotakiwa kupigwa.

Dada wa Grini: Mnalia kamera imehama sekunde chache. Sisi tunaofuata ridhaa ya wanawake kamera haiji kabisa! Augusta walisubiri hadi 2019 ndipo wakafungua kiwanja kwa mashindano ya ridhaa ya wanawake. Mwaka ule Jennifer Kupcho na Maria Fassi walishikana hadi mashimo ya mwisho, wanapongezana kila mmoja akipiga vizuri, Kupcho akachukua. Sijaona pambano la kulipwa la namna ile tangu nianze kutazama. Niambieni ni wangapi humu mliliona.

Kibendera: Mimi niliona. Kilio changu kingine, ile mijitu inayopiga kelele "ingia shimoni!" mpira ndiyo kwanza umepigwa, bado una mita 400 mbele. Kwenye ridhaa watu wanatulia, unasikia mpira unavyogonga fimbo.

Nyasi Ndefu: Wanatulia kwa sababu wako tisa.

Dada wa Grini: Tisa wanaojua wanachotazama. Na unaruhusiwa kutembea nyuma yao karibu kabisa, unamsikia kijana anabishana na kedi wake. Kwa wa kulipwa unaona migongo ya watu na kofia.

Mleta uzi: Nimerudi. Naomba turudi kwenye hoja: kamera ILIHAMA mpira ukiwa njiani, na yule bwana akasema...

Mkwaju wa Tatu: Tumeelewa, mkuu. Nyasi Ndefu, kwenye sekunde 40 umesahau kibendera cha shimoni. Tangu 2019 unaruhusiwa kukiacha shimoni ukiwa kwenye grini, mpira ukikigonga hakuna adhabu. Lengo lilikuwa watu wawahi. Sasa mmoja anakitaka ndani, mwenzake anakitaka nje, kedi kazi yake kutoa na kurudisha. Muda wote unaishia pale.

Bogi Mbili: Kibendera kikae ndani. Bryson DeChambeau, wa kulipwa, alikuwa anakiacha na mipira inaingia.

Fimbo Saba: Kitoke nje! Mpira mzuri unagonga chuma cha kibendera unarudi, huo ni mchezo gani?

Mchanga wa Bunka: Mpira unaorudi ulipigwa kwa nguvu kupita kiasi, hata bila chuma ungeruka shimo. Ndani.

Kibendera: Jina langu tu linatosha kujua niko upande gani.

Nyasi Ndefu: Nje. Na anayebisha afungue uzi wake.

Bogi Mbili: Nimeshaufungua, una kurasa mbili tayari. Njooni huko.