Naomba ushauri: tunataka wanafunzi wachangie ramani ya madarasa yao, warsha tuiendesheje?

Mwalimu_Likoni:
Wadau, asalaam aleikum na habari za jioni.

Nafundisha shule ya msingi ya umma upande wa Likoni, Mombasa. Wanafunzi wetu wa zamani wamechanga pesa za kujenga madarasa mawili na chumba cha kusomea vitabu. Fundi ameshapatikana, na ramani aliyoleta ni ile ile tuliyoizoea: kuta nne, bati, madirisha madogo yenye vyuma, mlango mmoja. Nimefundisha ndani ya chumba kama hicho miaka kumi na moja. Februari ikifika saa sita mchana watoto wa nyuma wanasinzia kwa joto, na mimi mwenyewe kichwa kinaniuma. Mvua ya Mei ikipiga bati naacha kusema, naandika ubaoni mpaka ipite.

Nimeiomba bodi itupe wiki mbili kabla msingi haujachimbwa, tukae na watoto, wazazi na mtu anayejua usanifu. Mwenyekiti akaniuliza, "Mwalimu, mtoto wa darasa la nne atakwambia nini kuhusu jengo?" Sikuwa na jibu la kumtosheleza. Jumamosi tuna kikao cha pili. Aliyewahi kuendesha warsha ya namna hii anieleze inaanzaje, inachukua siku ngapi, na mawazo ya watoto yanaingiaje kwenye ramani.

Fundi_Chokaa:
Mwalimu, kabla ya karatasi wapeleke watoto Mji wa Kale. Waingie kwenye nyumba za zamani saa saba mchana, washike kuta. Zile ni za matumbawe na chokaa, nene, jua linachelewa kupenya. Waonyeshe madaka yaliyochongwa ukutani, watu waliweka vyombo na vitabu humo bila kununua kabati. Waonyeshe na baraza nje ya mlango, maana palikuwa pa kupumzikia na pa kusomeshana pia.

Sisemi mjenge hivyo, ukuta wa namna ile leo hamtauweza kwa pesa za mchango. Lakini mtoto akiuliza mbona humu kuna baridi, hapo somo limeshaanza.

Na jambo la fundi mwenzangu: mko karibu na bahari. Msikubali mchanga wa pwani ambao haukuoshwa. Chumvi italila nondo ndani ya zege, na lipu itapasuka.

Msanifu_Tudor:
Mwalimu, nimeendesha warsha kama hizi mara tatu, moja wapo Kisauni, kwa hiyo nitaandika kwa kirefu kidogo.

Mara ya kwanza niliwapa watoto karatasi nikawaambia wachore shule wanayoitamani. Nikapata maghorofa na mabwawa ya kuogelea, yaani walivyoviona kwenye televisheni. Niliwauliza vibaya. Mtoto hajui kueleza jengo ambalo halipo, ila shule aliyonayo anaijua kuliko mimi na wewe.

Sasa siku ya kwanza hatuchori kitu. Nawagawa vikundi vya watano watano, kila kundi na vipande vya kitambaa. Vyekundu wafunge mahali wasipopenda kupita au kukaa, vya kijani wanapopenda. Kisauni karibu vipande vyote vya kijani vilikwenda chini ya mwembe nyuma ya jiko. Kwenye ramani yangu nilikuwa nimepaweka tangi la maji hapo hapo, na mti ungekatwa. Tangi tulilihamisha, mwembe ukawa darasa la nje. Mweleze mwenyekiti kisa hicho.

Siku ya pili ni maboksi. Kila kundi linatengeneza darasa la boksi na kukata madirisha, kisha mnayaweka uwanjani saa tatu, saa sita na saa tisa, mkitazama jua linaingilia wapi. Mombasa tuko nyuzi 4 tu kusini ya Ikweta. Jua la asubuhi na la jioni linapiga kuta za mashariki na magharibi moja kwa moja, kwa hiyo kuta fupi ndizo zielekee huko na ziwe hazina madirisha. Kuta ndefu zielekee kaskazini na kusini, madirisha makubwa pande zote mbili, paa litokeze nje vya kutosha. Pepo za kusi na kaskazi zote mbili zitapata pa kuingilia na pa kutokea. Watoto huligundua hili wenyewe, na mtoto aliyeligundua haachi kulieleza nyumbani.

Siku ya tatu ndiyo naipenda zaidi. Chora darasa chini kwa chokaa kwa vipimo vyake kamili, mita 7.5 kwa 6, mlete madawati halisi na watoto 40 wakae. Mtaona nani hafikii ubao kwa macho, nani anaruka dawati ili atoke.

Kuhusu bati, tazameni shule ya msingi ya Gando, Burkina Faso, iliyokamilika 2001. Francis Kéré aliisanifu akiwa bado mwanafunzi Berlin, na wanakijiji wenzake wakaijenga naye. Dari lake ni la matofali ya udongo yaliyopangwa yakaacha nafasi, na bati limeinuliwa juu ya dari kwa fremu za nondo. Hewa ya moto inapanda inatoka. Mwaka 2022 alipewa Tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya wasanifu majengo duniani, Mwafrika wa kwanza kuipata. Ninyi hamhitaji kuiga yote, dari tu chini ya bati litapunguza joto na kelele za mvua.

Mweka_Hazina:
Nakubaliana na mengi, ila nimekaa kwenye bodi ya shule na nina tahadhari mbili. Bati likiinuliwa bila wavu, popo watahamia humo ndani ya mwaka mmoja. Pili, msiwaulize watoto kuhusu kitu ambacho mmeshakiamua. Kwetu watoto walichagua rangi, kisha ikapakwa nyingine kwa sababu ilikuwa ya bei nafuu. Hawakutuamini tena. Waambieni mapema: pesa ni kiasi hiki, haya yanabadilika, haya hayabadiliki.

Na yale madirisha ya vyuma, mwongozo wa usalama wa shule wa Wizara ya Elimu wa 2008 unayakataza. Milango nayo ifunguke kwa nje. Mpelekee fundi hilo kabla ya yote.

Mama_Khadija:
Mwalimu, binti yangu anatumia kiti cha magurudumu. Shuleni kwao walijenga mteremko baada ya kumaliza jengo, ukawa mkali, anasukumwa na wavulana wawili kila asubuhi na anaona haya. Kila sentimita moja ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu. Kizingiti cha sentimita 45 kinataka mteremko wa mita 5.4, na hiyo nafasi ikisahauliwa kwenye ramani haipatikani tena. Tafadhali kwenye warsha mtafute kiti cha magurudumu, kila mtoto na kila mwanabodi akikalie apite uwanjani.

Fundi_Chokaa:
Mama Khadija, ahsante. Nimejenga miteremko mingi na hakuna aliyewahi kunieleza hivyo.

Mwalimu_Likoni:
Nimetoka kikaoni. Tumepewa siku tano badala ya kumi na nne, na ramani ya fundi imesimamishwa mpaka tumalize. Kisa cha mwembe ndicho kilichofanya kazi. Mwenyekiti alinyamaza, kisha akasema alipokuwa mtoto alisomea chini ya mti wa mkungu uliokuwa pale penye ofisi sasa. Ameomba kuja siku ya chokaa.

Kiti cha magurudumu tutaazima zahanati. Kamba za kunyooshea mistari ya chokaa ninazo. Mama Khadija, ukiweza kuja na binti yako tutafurahi, yeye atuongoze uwanjani. Msanifu, unaweza kuvuka Jumatatu?

Msanifu_Tudor:
Nitavuka na feri ya saa moja asubuhi. Waambie watoto waje na maboksi, makubwa kwa madogo, na mkasi mmoja kwa kila kundi.

Mama_Khadija:
Tutakuja. Ameshaanza kuniuliza atavaa nini.