Mrejesho: Bi mkubwa, Piriton na kidonge chake cha usiku

Wakuu, ni mimi niliyeuliza kuhusu bi mkubwa, anayemeza amitriptilini usiku kwa ajili ya sonona, kisha aleji ya vumbi ilipombana akaongeza Piriton kutwa mara tatu. Mlionihimiza nisingoje, asanteni.

Nilimkuta saa nne asubuhi bado kalala, ulimi umekauka unanata, ananiita kwa jina la marehemu mjomba. Mkojo haukutoka tangu jana yake. Nikatia pakiti zote mbili kwenye mfuko wa rambo, huyoo hospitali.

Daktari kuziona tu akaelewa. Zote zinalaza, na zote zinazuia asetilikolini, kemikali inayosaidia mate kutoka na kibofu kujikamua. Zikikutana madhara yanajumlishana, na mzee wa miaka 68 ndiyo kabisa. Akawekewa mpira wa mkojo, Piriton ikasimamishwa, akaandikiwa loratadini, dawa nyingine ya aleji. Amitriptilini wataijadili kliniki, tumeambiwa tusiikatishe wenyewe.

Dukani hakuna aliyemuuliza anatumia nini kingine. Naye hakusema, kwake Piriton ni kama pipi.

Mpira umetolewa juzi. Leo kauliza nani kahamisha sufuria zake.