Kwa hiyo mwenye kitambi haruhusiwi kujua spidi yake?

Breki_Moja (mleta uzi):
Wakuu, nimeingia nyumbani sasa hivi, hata helmeti sijavua. Mkiona herufi zimerukwa mjue mikono inatetemeka.

Ni yule jamaa wa vifaa vya baiskeli Kariakoo. Mnamjua. Sitaji jina wala mtaa, ila kama umewahi kununua hata nati ya baiskeli mji huu, umeshapita mikononi mwake na ukatoka unamlaani.

Wiki iliyopita kaniuzia mita ya spidi ya baiskeli, ile ya waya, elfu 35. Kaifunga mwenyewe, sumaku kwenye spoku, sensa kwenye foki, waya kauviringisha kwenye kebo ya breki mpaka juu kwenye hendeli. "Tayari bosi, hii inapima mpaka mawazo." Leo alfajiri nikaipeleka daraja la Tanzanite. Lile daraja lina kilomita 1.03, tumeimbiwa namba hiyo tangu linafunguliwa 2022 mpaka watoto wa chekechea wanaijua. Nimevuka mwanzo hadi mwisho, natazama kioo: 0.64. Nikageuza, nikavuka tena. 0.64! Daraja limeliwa na samaki? Na spidi inasoma 13, wakati nimezipita guta mbili na macho yananitoka.

Nikaenda moja kwa moja dukani kwake. Nimesalimia vizuri, nimeeleza kwa upole, duka limejaa. Jamaa hata mita hakuigusa. Kaniangalia tumboni. TUMBONI. Kisha kwa sauti ya dalali wa mnada: "Mzee wangu, kwa kitambi hicho mita ya spidi ya nini? Nenda duka la dawa kanunue mashine ya kupima presha."

Wabeba mizigo walitua mizigo ili wacheke vizuri. Mama wa vitumbua pale nje kacheka mpaka vikaungua, moshi umetanda mpaka Mnazi Mmoja.

Mashine ya presha, wakuu. Nimetoa elfu 35 yangu, naambiwa mashine ya presha.

Napita_Tu:
Siti ya mbele. Ngoja waje.

Binti_wa_Tegeta:
Mkuu weka picha tuhukumu kwa haki. Siyo ya mita.

Mnyororo_Mkavu:
Huyo mimi nilimpelekea breki hazishiki, akanijibu "kwani unakwenda wapi mpaka usimame?" Sijawahi kupona.

Fundi_Mstaafu:
Mleta uzi, chukua kikokotoo. 1.03 gawanya kwa 1.609. Umepata ngapi?

Breki_Moja:
Sijaja hapa kufanya hesabu, nimetukanwa.

Fundi_Mstaafu:
Umepata 0.64. Mita yako nzima, inasoma kwa maili. Hiyo 13 ni kama kilomita 21 kwa saa, hongera. Tazama kwenye kioo, pembeni ya namba pameandikwa M/h badala ya KM/h. Nyingi unashikilia kitufe baiskeli ikiwa imesimama mpaka maandishi yawake na kuzima, unabadili.

Binti_wa_Tegeta:
Yaani mtu kaenda Kariakoo kugombana na maili 😂😂

Breki_Moja:
Sawa, maili. Nani aliiweka kwenye maili? Mimi? Na maili na kitambi wapi na wapi? Alitazama TUMBO kabla ya kutazama mita!

Fundi_Mstaafu:
Ukishamaliza hasira, kagua na namba ya gurudumu. Mita ya waya haijui barabara, inahesabu sumaku imepita mara ngapi mbele ya sensa, halafu inazidisha kwa mzunguko wa tairi uliouingiza kwa milimita. Tairi ya 26 x 1.95 ni kama 2050, ya 700 x 25 ni 2105. Ukitaka uhakika chora alama ya chaki kwenye tairi na chini, sukuma mpaka izunguke mara moja, pima kwa futi kamba. Ila fanya hivyo ukiwa UMEIKALIA baiskeli, maana uzito unaminya tairi na mzunguko unapungua.

Mnyororo_Mkavu:
Ngoja. Kwa hiyo kitambi kinahusika?

Fundi_Mstaafu:
Kitaalamu, ndiyo.

Napita_Tu:
Nimeanguka kitandani.

Breki_Moja:
Nani kakuuliza utaalamu wewe?

Kijana_wa_Satelaiti:
Waya ni ushamba. Vuta Garmin Edge au Bryton, inasoma GPS, hakuna sumaku wala chaki, na ramani ya safari unaipata.

Mnyororo_Mkavu:
Halafu nikisimama kununua maji niing'oe, niiweke mfukoni, nile nayo, nilale nayo. Ya waya nikiibiwa nalia robo saa tu. Betri yake ile bapa ya CR2032 nimeisahau kabisa, na yako unachaji kama simu.

Dereva_wa_Miguu:
Msinunue zile rahisi zisizo na waya. Yangu nikiwasha taa ya mbele ya LED inasoma kilomita 88 kwa saa nimesimama uani. Mke wangu kaona, kaniuliza nimetoka wapi.

Binti_wa_Tegeta:
Mimi natumia Strava, ile app ya simu ya kupima safari. Nilikuwa natumia. Kishikio kiliachia pale Morocco, daladala ikapita juu, kondakta akanipa pole na kuniuliza kama napanda.

Spoku_Tatu:
Afadhali nyie. Mimi kuna mmoja kaniuzia tyubu ya valvu nyembamba, rimu yangu tundu la valvu nene. "Inakaa tu." Inakaa kama jino la mtoto wa miaka sita!

Kijana_wa_Satelaiti:
Ni huyo huyo?

Spoku_Tatu:
Hapana, shemeji yake.

Napita_Tu:
Samahani wakuu, huyo mama wa vitumbua ndiye yule anayetia hiliki nyingi?

Mnyororo_Mkavu:
Ndiye. Kapunguza ukubwa, bei kaiacha pale pale.

Dereva_wa_Miguu:
Huyo sasa ndiye wa kufunguliwa uzi. Kitumbua saizi ya kifungo cha koti!

Breki_Moja:
Wakuu, mita. Tulikuwa kwenye mita.

Binti_wa_Tegeta:
Mkuu, kwani ulivionja?

Breki_Moja:
Sita. Ila vilikuwa vimeungua.