Nataka kugeuza vani ya mizigo iwe gari la familia, kuna kitu sikioni?

Mwenye Vani
Wakuu, habari za leo. Nina vani ya mizigo, ile iliyofungwa bati kuanzia nyuma ya viti vya mbele hadi milango ya nyuma. Nilikuwa nasambazia rangi na saruji. Biashara imekufa, gari limebaki, na injini haijawahi kunisumbua, ndiyo maana roho inagoma kuliuza. Nyumbani tuko sita pamoja na mama mzazi, ambaye magoti yanamsumbua.

Fundi wangu ana viti alivyong'oa kwenye basi dogo lililokufa. Anasema atalaza vyuma vya pembe sakafuni, achomelee viti juu yake, akate madirisha mawili kila upande, siku nne kazi imekwisha. Hizo siku nne ndizo zilizonitia wasiwasi. Waliowahi kuifanya hii kazi, nisaidieni.

Jicho la Nyundo
Uza, nunua lenye viti. Nimemaliza.

Mwenye Vani
Mkuu, hela ya kuongezea ndiyo haipo.

Fundi Bodi
Mwambie huyo fundi azime mashine kwanza. Kufunga kiti ni kazi ya mchana mmoja, shughuli iko kwenye mkanda. Kuna kanuni ya Umoja wa Mataifa, namba 14, inayohusu sehemu za kufungia mikanda. Kwenye jaribio lake, mkanda wa pointi tatu huvutwa kwa nyutoni 13,500 upande wa kifua na 13,500 nyingine upande wa kiuno, kwa wakati mmoja. Yaani karibu tani 1.4 mara mbili, na hapo ni abiria mmoja tu.

Sasa shika bati la sakafu ya vani yako, ni jembamba, halifiki hata unene wa kucha mbili. Ukichomelea chuma cha pembe juu yake, moto unalidhoofisha kandokando ya mshono, na siku ya ajali linachanika palepale. Kiti kinaondoka na mtu wake, kinamfuata dereva mgongoni.

Kabla hujakata chochote, ng'oa mbao za sakafuni, halafu lala chini ya gari na tochi. Vani nyingi hutumia bodi moja na toleo la abiria, kwa hiyo huenda nati za kiwandani ziko tayari, zimezibwa na vizibo vya mpira. Za mikanda mara nyingi ni za inchi 7/16, nyuzi nyembamba. Ukizikuta, tafuta viti na mikanda ya toleo hilohilo la abiria, siyo ya basi. Usipozikuta, hiyo ni kazi ya mtu anayejua kukokotoa, mwenye kuweka bamba pana chini ya sakafu na kulishikiza kwenye mihimili. Benchi za kukaa ubavuubavu zisahau kabisa.

Mama Watatu
Naongezea kwenye la kulala chini ya gari. Mume wangu alitoboa sakafu ya letu kutokea juu, drili ikapitiliza hadi kwenye tangi. Lilikuwa la dizeli, ndiyo maana leo nipo naandika. Mabomba ya breki nayo yanapita hukohuko, na nyaya pia.

Mwenye Vani
Aisee! Na madirisha je?

Fundi Bodi
Madirisha yanawezekana. Kata ndani ya fremu iliyochorwa na kiwanda kwenye bati la ubavu, usiguse nguzo. Betri iondolewe waya kabla ya grainda kuwaka. Ukishakata, ukingo wote upakwe rangi ya kuzuia kutu na ikauke, ndipo gundi ya kioo ifuate. Wengi huiruka hatua hiyo kwa haraka, mwaka mmoja baadaye kutu inatafuna kimyakimya chini ya gundi na kioo kinaanza kuvuja. Kioo chenyewe kiwe cha usalama, chenye alama yake pembeni. Cha dirisha la nyumba hakifai hata kwa dharura.

Karani Mstaafu
Mnakata bati wakati karatasi hazijaguswa. Nimekaa dawati la bima muda mrefu, na kesi za namna hii zilikuwa chungu kuliko zote: kadi ya gari inasema mizigo, bima inasema mizigo, ndani kuna watoto wanne. Kampuni ikikuta hivyo baada ya ajali, ina sababu ya kukataa kulipa.

Mgawanyo wa kimataifa unaliita gari la mizigo lisilozidi tani 3.5 pamoja na mzigo wake kundi la N1. La abiria lenye viti visivyozidi 8, ukiacha cha dereva, ni M1. Kuhama kutoka kundi moja kwenda jingine ni zaidi ya kubadilisha neno kwenye kadi, kwa sababu M1 ina masharti yake. Nenda kwa wanaosajili magari nchini kwako, uliza wanataka mchoro, cheti cha mhandisi au ukaguzi, na wakujibu kwa maandishi. Kisha iandikie bima. Ndipo umpigie fundi.

Bwana Spana
Hakuna aliyegusa breki. Vani nyingi za springi za majani zina vali karibu na ekseli ya nyuma, yenye mkono mwembamba wa chuma. Inapima bodi imekaa chini kiasi gani, halafu inaamua breki za nyuma zipate nguvu kiasi gani. Kuna siku mama atalalamika gari linaruka, fundi atapunguza majani ili lilainike, bodi itashuka, na vali itaamini umebeba saruji. Ukifunga breki kwenye barabara yenye maji, matairi ya nyuma yatakwama kabla ya ya mbele. Ukigusa springi, vali irekebishwe.

Kwa mruko, anza na upepo. Ukiwa bado unajaza wa kubebea mzigo kamili, soma kibandiko cha mlangoni, mara nyingi kina kipimo cha gari tupu pia.

Mwenye Vani
Mrejesho, wakuu. Nimeng'oa mbao leo asubuhi. Chini ya vumbi la saruji nimekuta vizibo kumi na viwili, vimejipanga mistari miwili. Nimetoa kimoja kwa bisibisi, nati ipo, nyuzi zinang'aa kama za jana. Ofisi ya usajili naenda Jumatatu. Fundi nimemwambia asubiri, amenuna.

Mama Watatu
Hongera. Sasa ingia nyuma, mtu akufungie mlango, jaribu kutoka.

Mwenye Vani
Mama, nimejaribu. Ndani hakuna kitasa, ni bati tupu. Nimegonga mpaka binti yangu wa darasa la pili akaja kunifungulia, na kwanza akaniuliza nitampa nini.